Ukisachi Ghana usipelekwe Accra: kisa cha ramani ya maduka ya pembejeo Mbeya

Kampuni yenyewe siitaji jina. Ni ya pembejeo, ina maduka kama ishirini hivi yametapakaa kuanzia Iringa mjini, Mafinga, Makambako na Njombe, yanashuka na barabara kuu Igawa, Chimala, Uyole, Mwanjelwa, Mbalizi, Vwawa mpaka Tunduma, afu tawi lingine linakata kushoto kwenda Tukuyu na Kyela. Wanauza mbegu, mbolea, dawa za shambani, mabomba ya kupulizia na spea zake. Tovuti walikuwa nayo siku nyingi, na ndani yake kuna ukurasa wa "Tafuta duka la karibu", ule unaandika ulipo, ramani inafunguka na pini, chini orodha ya maduka. Imejengwa kwa WordPress na plagini, yaani programu ya nyongeza, ya kawaida tu ya kutafutia maduka, ziko nyingi na zinafanana sana. Miezi mingi hakuna aliyeijali, ila ilipofika Oktoba watu wanajiandaa na mvua za Novemba, simu zikaanza kuingia ofisini Mwanjelwa, na hazikuwa za kuagiza mbolea, zilikuwa za malalamiko. Mteja wa Soweto kapelekwa Johannesburg. Wa Chunya kaambiwa hakuna duka lolote. Wa Makete kaambiwa aende Tukuyu. Mama mwenye kampuni akanipigia, akasema kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, hii ramani yetu ni ya nchi gani?"

Nikaomba niingie kwenye setingi nione. Kwa nje kila kitu kizuri, ramani inafunguka, pini zipo, rangi za kampuni zipo. Tatizo ni kwamba setingi nyingi zilibaki vile plagini ilivyotoka dukani, na plagini hizi zimetengenezwa na watu ambao mteja wao anaishi kwenye mtaa wenye jina, nyumba ina namba, posta ina msimbo, na anapima safari kwa maili. Huku kwetu mtu akikuelekeza anakwambia shuka Mama John, uliza hapo kwa bodaboda.

Kabla sijaenda mbali, ukurasa wa namna hii una kazi tatu ndani yake na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kugeuza maneno aliyoandika mteja kuwa namba mbili, latitudo na longitudo, hii inafanywa na huduma ya nje, kwa hawa ilikuwa ya Google. Ya pili ni kupima umbali kutoka hizo namba mpaka kila duka, hii plagini inaifanya yenyewe kwenye database. Ya tatu ni kuchora ramani na kuweka pini. Malalamiko yote mteja anayaita "ramani mbovu" ila ukweli ile ya tatu haikuwa na shida kubwa, ubovu ulikuwa kwenye ya kwanza na ya pili. Ukijua hivyo unaacha kuhangaika kubadilisha rangi za pini.

Sasa njoo kwenye majina, maana hapa ndo penye utamu. Jiji la Mbeya lina kata inaitwa Ghana. Lina kata inaitwa Ruanda. Lina kata inaitwa Forest. Kuna Soweto pale kabla hujafika Mwanjelwa, kuna Kabwe ambayo kila konda wa daladala anaitaja mara mia kwa siku, na Kabwe nyingine ni mji mkubwa kabisa wa Zambia. Nenda Iringa, kuna Frelimo, na hospitali yake ipo hapo, sasa mwambie mtambo wa kutafuta "Frelimo" uone utaelekea wapi. Kwa mtu wa hapa hakuna utata wowote, huwezi kupanda bajaji ukasema nipeleke Ghana dereva akakuuliza una pasipoti. Lakini mtambo wa Google unaangalia dunia nzima na unachagua kile chenye uzito zaidi, nchi inaizidi kata, mji wa Zambia unaizidi stendi ya daladala. Mteja wa Ruanda, ambaye duka la Mwanjelwa angeweza kulifikia kwa mguu, anaoneshwa Kigali na maneno "hakuna duka ndani ya umbali uliochagua".

Aliyeseti mwanzo alijaribu kulishughulikia hilo, nampa haki yake. Kwenye setingi kulikuwa na sehemu ya kuchagua nchi ya ramani na alichagua Tanzania. Ila hapo kuna mtego ambao umewanasa wengi: kuchagua nchi peke yake ni kama kumnong'oneza Google kwamba pendelea Tanzania, hailazimishwi. Jina likiwa na uzito mkubwa nje, inakwenda nje. Chini yake huwa kuna kisanduku kingine kidogo cha kutiki, kinachosema matokeo yasitoke nje ya nchi uliyochagua, na hicho kilikuwa wazi. Kitaalamu ni vitu viwili tofauti kabisa kwenye ombi linalotumwa, kimoja kinaitwa region na kinapendelea tu, kingine kinaitwa components na ndicho kinachofunga mlango.

Nikatiki. Soweto ikarudi Tanzania, ila sio lazima ya Mbeya, maana Moshi nao wana Soweto yao. Na likatokea jingine, jina ambalo Google haijalipata kabisa ndani ya nchi, badala ya kusema sijaona, wakati mwingine inakurudishia Tanzania yenyewe, yaani namba za katikati ya nchi, kule pande za Singida. Mteja anaandika jina la kitongoji chake Rungwe, mtambo unamweka porini Singida halafu unampimia umbali kutoka huko, na duka la kwanza kwenye orodha linakuja kuwa Iringa. Hii ni mbaya kuliko kupelekwa Ghana, kwa sababu aliyepelekwa Ghana anajua kabisa hapa pana kosa, huyu wa pili anaamini.

Halafu ukifunga mlango wa nchi unawafungia na watu halali. Tunduma na Nakonde ya Zambia ni mji mmoja umekatwa na mpaka, mtu wa Nakonde anavuka kununua bomba la kupulizia na kurudi kabla chai haijapoa, na wa Karonga ya Malawi anakuja Kyela hivyohivyo. Mama alipoambiwa kwamba sasa ukiandika Nakonde hupati kitu, alikataa palepale. Kwa hiyo kufunga nchi kunasaidia lakini hakutoshi, na mahali fulani kunaumiza.

Dawa niliyoiona inafaa ni kuacha kumtegemea Google kwa majina ya nyumbani. Tukatengeneza jedwali letu wenyewe, safu ya kwanza jina vile watu wanavyolitamka na kuliandika, ya pili wilaya, ya tatu na ya nne latitudo na longitudo. Mteja akianza kuandika, kisanduku kinaangalia kwanza jedwali letu na kumpendekezea, "Ghana, Mbeya mjini", "Kabwe, Mbeya mjini", "Frelimo, Iringa mjini", "Nakonde, mpakani Tunduma". Akichagua, namba zinatoka kwetu moja kwa moja, Google hahusiki. Jina likikosekana kwetu ndipo linakwenda Google likiwa limefungiwa Tanzania, na jibu likirudi ni la nchi nzima tunalitupa na kumwambia mteja achague wilaya kwenye menyu. Hiyo menyu ya wilaya ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu anaweza kukosea kuandika jina la kijiji lakini wilaya yake anaijua.

Majina hatukuyatoa kwenye orodha ya serikali ya kata, ingawa ile ilisaidia kuanzia. Yametoka kwa wauza duka. Kuna grupu la WhatsApp la maduka yote, nikaomba kila muuzaji aandike wateja wake wanatoka wapi, vile wanavyosema wenyewe. Kilichorudi huwezi kukipata kwenye ramani yoyote. Kuna vituo vya daladala, minada, magulio, "njia panda ya" hiki na kile, Sae, Mama John, Mafiati, Nane Nane. Muuzaji wa Tukuyu aliandika majina mengi mpaka nikamwambia ndaga fijo (asante sana) kaka, inatosha, naye akasema bado. Na tahajia zikaja kwa namna zote, maana sehemu zetu mtu anaandika l au r kadri ulimi unavyomtuma, Rujewa wengine wanaandika Lujewa, kwa hiyo kila jina linaruhusiwa kuwa na tahajia zaidi ya moja zinazoelekea kwenye namba zilezile. Majengo hatukuifanyia ujanja. Majengo ipo Mbeya mjini, ipo Makambako, ipo Songea, na ukienda mji wowote Tanzania hukosi Majengo, basi mteja anaoneshwa zote achague mwenyewe.

Songwe nayo ilitupa kazi. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao makuu yake yapo Vwawa, lakini uwanja wa ndege wa Songwe upo upande wa Mbeya, nje ya Mbalizi, na mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi kule chini. Mtu akiandika Songwe anataka nini? Inategemea. Juu ya hapo anwani za maduka ya Tunduma na Vwawa kwenye mfumo zilikuwa bado zimeandikwa mkoa wa Mbeya, na ya Njombe na Makambako mkoa wa Iringa, wakati Njombe ni mkoa unaojitegemea tangu 2012. Ukichuja kwa mkoa unakosa maduka hayo yote. Tulisafisha anwani zote, kazi ya kuchosha tu haina maelezo.

Umbali. Kipimo kilikuwa maili, mduara wa mwanzo ulikuwa 10. Maili 10 ni kama kilomita 16, inatosha kwa mtu aliye Uyole anayetafuta duka la Mwanjelwa, basi. Chunya mpaka Mbeya mjini hata ukiruka kama kunguru ni kilomita 40 hivi, barabarani ni zaidi sana kwa sababu ya mlima, kwa hiyo mteja wa Chunya hakuwa na namna ya kupata duka lolote mpaka afungue menyu ya mduara aongeze mwenyewe, na nani anafanya hivyo kwenye simu yenye kioo kimepasuka? Tulibadilisha kuwa kilomita, kisha tukaiondoa kabisa menyu ya mduara. Badala yake ukurasa unaleta maduka matano ya karibu, yawe kilomita 3 au 90. Baadhi ya plagini zina setingi tayari ya hivyo, nyingine unaseti mduara mkubwa sana, 500, na kuweka kikomo cha matokeo kiwe 5, inatoka kilekile. Mi naona kwa biashara yoyote ya mikoani hii ndo setingi ya kwanza kuigusa. Ukurasa wa kutafuta duka usimwambie mtu "hakuna" wakati duka lipo na yeye yuko tayari kusafiri, mkulima anayetaka mbegu anasafiri.

Ukibadilisha maili kuwa kilomita hakikisha na hesabu ya ndani imebadilika, sio lebo tu. Fomula inatumia nusu kipenyo cha dunia, 6371 ukitaka kilomita na 3959 ukitaka maili, na nimeshaona tovuti inayoandika "km" huku inapiga hesabu za maili, kila duka linaonekana karibu kuliko lilivyo. Jaribu na safari unayoijua.

Sasa Makete. Hii ndiyo iliyomkasirisha Mama, kwa sababu watu wa Makete ni wateja wake wakubwa wa mbegu za viazi na dawa zake, na mtambo ulikuwa unawaelekeza Tukuyu. Fungua ramani utaona kwa nini. Makete mjini na Tukuyu ziko karibu kwenye mstari mmoja wa latitudo, kati yao kama kilomita 50 tu kwa mstari ulionyooka, wakati Njombe ni mbali zaidi kidogo upande wa mashariki. Hesabu inasema Tukuyu. Hesabu haijui kwamba katikati hapo kumesimama Kitulo na milima yake. Njia ya kupita Kitulo mpaka Isyonje ipo, watu wanaipita, ila kipindi cha masika muulize dereva wa Noah atakwambia vizuri, wakati barabara ya Njombe ina lami na ndiko basi zinakoenda. Mkulima wa Makete akisema anaenda mjini anamaanisha Njombe. Vivyo hivyo Matamba, kwenye ramani unaona iko jirani na Mbeya, ila gari linashuka zile kona za kutisha mpaka Chimala kwanza, na Chimala duka lipo, sasa kwa nini mtu apitilize mpaka Uyole? Na Matema kule ufukweni Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone kuna vijiji vya mwambao vya Ludewa ambavyo kwa mstari haviko mbali na duka la Kyela, lakini mtu wa huko bila boti hafiki.

Hapa wataalamu watasema tumia huduma ya kupima umbali wa barabara, Google anayo. Kweli anayo, ila inalipiwa kwa kila jozi ya mahali na mahali, yaani ombi moja la mteja likipimwa na maduka 20 ni vipimo 20. Unaweza kupunguza kwa kuchuja matano ya karibu kwanza kwa mstari halafu ukapima hayo tu, ila kwa Makete duka sahihi halikuwa tatizo la kupimwa tu, kuna na suala la usafiri upo au haupo, na hilo Google haliulizi. Barabara kwenye ramani ni barabara, iwe ya lami iwe tope.

Tukafanya kwa mkono. Kwenye lile jedwali la majina tukaongeza safu moja, "duka la kwanza". Kwa sehemu nyingi safu hiyo ni tupu na hesabu ya kawaida inafanya kazi. Kwa Makete, Matamba, Ludewa, na vijiji vya mwambao, imejazwa na muuzaji anayejua, na duka hilo linawekwa juu ya orodha hata kama hesabu inasema vingine. Chini ya jina la duka tukatoa yale maneno "kilomita 52.3" yanayojifanya yana uhakika, tukaweka "kwa mstari: kama km 50", na pale tulipojaza kwa mkono tukaandika njia, "kwa barabara ya Njombe". Msimbo wa kubadilisha mpangilio wa orodha haukuzidi mistari michache, plagini nyingi zinakuachia mlango wa kuchezea matokeo kabla hayajaoneshwa. Kazi ilikuwa kwenye kujua, na kujua kulikuwa kwa wauzaji.

Pini zenyewe nyingi zilikuwa sawa. Moja ilikuwa imekosa alama ya kutoa kwenye latitudo, duka la Mbalizi likaonekana mpakani kwa Sudan Kusini na Ethiopia. Nyingine namba zilipishana nafasi, longitudo mbele latitudo nyuma, na ukipishanisha za Mbeya, minus 8.9 na 33.4, unatua kwenye bahari ya Atlantiki nje kidogo ya Morocco. Hizi ni rahisi kuzikamata, huku kwetu latitudo lazima iwe na alama ya kutoa na iwe ndogo, kati ya 7 na 10 hivi, longitudo iko kati ya 32 na 36, weka sheria hiyo kwenye fomu ya kuingizia duka na isikubali kingine. Ngumu kukamata ni pini iliyokosea kwa mita mia tatu. Duka la Makambako lilikuwa limewekwa na mtambo katikati ya mji kwa sababu anwani iliyoandikwa ni sanduku la posta, na sanduku la posta halina lokesheni ya duka. Tukamwambia kila muuzaji asimame mlangoni kwake, afungue Google Maps, abonyeze pale alipo kwa kidole mpaka pini itoke, atume zile namba kwenye grupu. Tena zile namba unazopata kwa kuuliza mtambo wa Google masharti yao yanakuruhusu kukaa nazo siku 30 tu.

Kile kitufe cha "tumia mahali nilipo" kilikuwa kimezimwa kwa sababu hakikufanya kazi. Sababu ilikuwa ndogo, tovuti ilikuwa bado inafunguka kwa http bila s, na brauza za siku hizi hazimpi mtu lokesheni ya simu kama tovuti haina usalama huo, Chrome walianza kukataa tangu 2016. Cheti cha usalama huo kilikuwepo kwenye seva, hakijaelekezwa tu. Tukakiwasha, ila hatukuruhusu ukurasa uombe lokesheni wenyewe ukifunguka, mpaka mtu abonyeze. Watu wakiona kisanduku cha kuomba ruhusa kabla hawajaona chochote wanabonyeza kataa, na ukishakataliwa mara nyingi simu haiulizi tena. Kwa wanaotumia kompyuta ya ofisini ujue inaweza kukadiria kwa intaneti waliyounganishwa, na mara nyingi inawaweka Dar es Salaam hata kama wako Vwawa.

Muonekano wa kwanza wa ramani: ulikuwa unafungukia Dar, zumu ya mji. Tukahamishia katikati kwenye minus 8.7 na 34.2, hapo ni pande za Rujewa, zumu 7. Sababu ya 7 na sio 8 ni simu. Kwenye kioo cha upana wa kawaida wa simu zumu 7 inaonesha kama digrii nne za longitudo, na kutoka Tunduma mpaka Iringa ni karibu tatu, zinaingia zote. Ukiweka 8 Iringa inakatika au Tunduma inakatika, na muuzaji wa duka lililokatika atakupigia simu, niamini. Weka na kikomo cha zumu ya kujiongeza, 15 inatosha, la sivyo matokeo yakiwa duka moja ramani inazama mpaka unaona bati la paa tu bila hata barabara.

Kuhusu ufunguo wa API, yale maandishi ambayo tovuti inajitambulisha nayo kwa Google, nitasema kifupi. Ulikuwepo mmoja, haujazuiwa chochote, upo wazi kwenye ukurasa, yeyote angeweza kuuchukua autumie kwake na bili ije Mwanjelwa. Ukiuzuia utumike kwenye tovuti yenu tu, ile kazi ya kugeuza majina ikifanyika upande wa seva inakataliwa, kwa sababu huduma hiyo haipokei ufunguo uliozuiwa kwa jina la tovuti. Kwa hiyo zinatakiwa funguo mbili, wa brauza umezuiwa kwa tovuti na wa seva umezuiwa kwa namba ya IP. Tangu Machi 2025 Google wameacha ule utaratibu wa dola 200 za bure kwa mwezi, sasa kila huduma ina kiwango chake cha bure, kwa ramani ya kawaida na kugeuza majina ni maombi 10,000 kwa mwezi kila moja. Jedwali letu linazuia maombi mengi yasiende huko kabisa, ila tuliweka na kikomo cha kwa siku ili kusitokee mshangao.

Mabishano yalikuwa kwenye mpangilio wa ukurasa. Mama alitaka ramani kubwa juu, inapendeza, amelipia. Mi nikasema juu iwe menyu ya wilaya na kisanduku cha kuandikia, chini orodha yenye jina la duka, alama ya jirani vile mtu anavyoelekezwa, "mkabala na stendi", saa za kufungua, na namba ya simu ya kubonyeza, ramani ije mwisho na isifunguke mpaka mtu aibonyeze. Ramani inakula bando, na mtu wa kijijini anayetumia bando la siku hafungui ukurasa mara mbili ukimchelewesha. Tukabishana kwa heshima. Kilichoamua ni muuzaji wa Chimala aliyeitwa kujaribu kwenye simu yake, akatafuta, akaona namba ya simu, akapiga, hakushuka hata kuiangalia ramani. Mama akacheka akasema basi iende chini, lakini kwenye kompyuta ibaki juu. Tukakubaliana hivyo, na kwa kweli kwenye kioo kikubwa inapendeza.

Jedwali sasa lipo kwenye Google Sheets, analishika binti wa mapokezi, na kila usiku tovuti inalivuta. Maneno ambayo wateja wametafuta na kukosa yanaandikwa kwenye ukurasa wa pili wa sheet hiyohiyo, asubuhi anayapitia na wauzaji kwenye grupu, wanaambiana hilo ni wapi, analiongeza. Mengine ni majina ya bidhaa, watu wanaandika "yurea" kwenye kisanduku cha mahali, hilo hatujaamua tulifanyeje, nafikiri kisanduku cha pili cha bidhaa kitakuja ila lazima kwanza maduka yenyewe yawe yanasema ukweli wa stoo zao. Safu ya "duka la kwanza" inapitiwa kabla ya kila msimu, na barabara ya Isyonje kupita Kitulo ikikamilika lami yote, Makete inafutwa hapo, hesabu ya kawaida iendelee nayo.